Jengo la Eastgate, Harare: sharti moja la mteja na hewa ya usiku

Ofisi ya kwanza niliyofanyia kazi jijini Dar es Salaam ilikuwa ghorofa ya sita ya jengo la vioo. Umeme ukikatika, jenereta iliwasha taa na lifti. Viyoyozi vilibaki vimezima. Dakika kumi za mwanzo hakuna aliyesema kitu. Ikifika nusu saa, karatasi za michoro zinaanza kunata mikononi, dada wa mapokezi anafungua mlango wa ngazi na kuuwekea ndoo ya maji ya kunywa usijifunge, na sote tunasogeza viti kukifuata kile kiupepo cha ngazini. Madirisha hayakuwa na bawaba wala komeo. Tulichokiita dirisha kilikuwa ukuta wa kioo unaoingiza jua na kuzuia upepo, na bahari iko mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Humo humo ndani ndimo tulimokuwa tukichora majengo mengine ya namna hiyo.

Siku hizi watu wa ujenzi tukiitwa kwenye semina za mabadiliko ya tabianchi, mazungumzo huishia kwenye sola juu ya paa na miti ya kupanda getini. Sina ugomvi na sola wala miti. Ninachokiona ni kwamba wakati huo jengo limekwisha kuamuliwa. Liliamuliwa siku mteja na msanifu walipokaa mara ya kwanza, kabla hata ramani haijawa na mlango. Kisa ninachokichambua hapa ni cha kikao kama hicho, Harare, Zimbabwe, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mteja alikataa nini

Mteja alikuwa Old Mutual, kampuni ya bima na uwekezaji, iliyotaka jengo la ofisi na maduka katikati ya jiji. Msanifu alikuwa Mick Pearce, Mzimbabwe, na wahandisi walikuwa kampuni ya Arup. Jengo lenyewe lilikuwa kubwa: mita za mraba zipatazo 26,000 za ofisi, 5,600 za maduka, na maegesho ya magari 450. Ukimpa msanifu yeyote wa kwetu kazi ya ukubwa huo, jambo la kwanza atakalofanya ni kutenga chumba cha mitambo ya kupoza hewa. Mteja akasema mitambo hiyo haitaki.

Sababu zake hazikuwa za tabianchi. Mitambo ingeagizwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni nchini humo zilikuwa za kubahatisha. Ikiharibika, kipuri nacho kinaagizwa nje. Umeme wa kuiendesha unalipiwa kila mwezi kwa muda wote jengo litakaosimama. Kampuni ya bima huwekeza fedha za watu wanaosubiri mafao ya miaka thelathini mbele, kwa hiyo ilikuwa na sababu ya kujali bili ya mwaka wa ishirini sawa na bili ya saruji ya mwezi wa kwanza.

Nalisisitiza hili kwa kuwa ndipo ninapoona kiini cha kisa chote. Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996, linatajwa leo kila mahali kama jengo la kijani. Halikuzaliwa na huruma kwa dunia. Lilizaliwa na mwenye mali aliyeweka sharti gumu mapema, akakutana na wataalamu walioliheshimu badala ya kumbembeleza alibadilishe.

Tuifuate hewa

Harare iko karibu mita 1,490 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, lakini usiku joto hushuka sana. Tofauti ya mchana na usiku hufika nyuzi 10 hadi 14. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wa jengo zima. Waliyemtumia kupoza ofisi ni usiku wenyewe. Waliyohitaji ni njia ya kuuweka akiba mpaka kesho yake saa nane mchana.

Jengo ni vitalu viwili vya ghorofa tisa vilivyolala sambamba, ubavu mrefu ukitazama kaskazini na kusini, ubavu mfupi ukipokea jua la asubuhi na la jioni. Katikati yake kuna ua mrefu uliofunikwa paa la kioo, wenye madaraja ya chuma yanayounganisha pande mbili. Hewa inachukuliwa hapo uani, kwenye kivuli, mbali na lami na moshi wa magari.

Sasa tuifuate. Giza likiingia, feni kubwa zinaongeza kasi. Hewa ya baridi inavutwa kutoka uani, inachujwa vumbi, inasukumwa kwenye mifereji ya wima iliyo katikati ya kila kitalu. Ikifika kila ghorofa inakata kona na kuingia chini ya sakafu. Sakafu ya Eastgate si kipande kimoja cha zege kama tulivyozoea. Ndani ina uwazi, na ndani ya uwazi huo kuna meno ya zege yanayoilazimisha hewa ijisugue huku na huku kabla ya kutoka. Kila inapojisugua inaacha ubaridi na kubeba joto. Kisha inaibukia ofisini kupitia vitundu vilivyo chini ya madirisha, inapanda polepole, inalamba dari ya zege iliyopindwa kama kuba, inatokea kwenye matundu ya juu na kuingia kwenye dohani. Dohani ziko 48, zimepangwa juu ya paa, na kwa kuwa hewa ya moto hupanda yenyewe, zinasaidia kuvuta hewa iliyotumika itoke.

Usiku hewa yote ya chumba hubadilishwa karibu mara 10 kwa saa. Asubuhi feni zinapunguzwa, inabaki kama mara 2 kwa saa. Hapo hewa ya nje ya mchana inapita kwenye zege lililopozwa usiku kucha, na kabla haijamfikia karani mezani kwake imeshapungua joto.

Kwa asiye fundi, hesabu yake ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya zege huweza kubeba joto zaidi ya mara 1,500 ya lile linalobebwa na mita ya ujazo ya hewa, kwa kila nyuzi moja ya kupanda. Ndiyo maana sakafu ya zege ukiikanyaga alfajiri ni baridi hata kama jana yake ilikuwa ya moto. Bibi zetu wanaotandika mkeka sakafuni saa saba mchana wanaijua hesabu hii bila kalamu.

Lakini akiba haina maana kama mlango wa nyuma uko wazi, na katika jengo mlango wa nyuma ni jua. Jua la mchana wa wazi hubeba karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba inayoligeukia moja kwa moja, yaani kama pasi ya umeme iliyoachwa imewashwa. Hesabu pasi zilizoko kwenye ukuta wa kioo wa ghorofa kumi unaotazama magharibi. Eastgate walikataa pasi hizo. Madirisha hayazidi robo ya eneo la ukuta wa nje. Juu yake kuna vivuli vya zege vilivyotokeza mbele, na mimea inayoning'inia. Hata uso wa ukuta haukusawazishwa: una miinuko na makali kama mpungate, ili sehemu moja iitupie nyingine kivuli mchana, na eneo la kutoa joto usiku liwe kubwa.

Ngoja niseme jambo moja kwa haki. Madirisha ya Eastgate nayo hayafunguliwi, kwa sababu ya kelele za mjini na upepo usiotabirika. Kwa hiyo tatizo la ile ofisi yetu ya Dar halikuwa dirisha kufungwa tu. Ni kufungwa bila kuipa hewa njia nyingine.

Kichuguu

Habari iliyolipa jengo hili umaarufu ni ya mchwa. Pearce alivutiwa na vichuguu vya mchwa wa jamii ya Macrotermes, ambao hulima kuvu ndani ya kiota na huhitaji joto lisilopandapanda. Maelezo ya kisayansi ya wakati ule, yaliyoanzia kwa Martin Lüscher, yalisema kichuguu ni kama dohani: hewa ya moto inapanda katikati, ya baridi inashuka pembeni, na kiota kinabaki na joto lile lile.

Baadaye mtafiti Scott Turner alipovipima vichuguu kule Namibia alikuta mambo mengine. Kiota hakipandi joto kwa sababu kimezikwa ardhini, na udongo ndio unaokilinda. Kichuguu cha juu kinafanya kazi zaidi kama pafu: kinatumia misukosuko ya upepo kubadilishana gesi, na upoozaji si kazi yake kuu. Kwa maneno mengine, wasanifu waliiga kitu ambacho mchwa hawakifanyi.

Wapo wanaolisikia hili na kudhani jengo limeumbuka. Sioni hivyo. Zege haliulizi kama umemwelewa mchwa. Linauliza kama usiku ni baridi kuliko mchana na kama hewa imepita. Ninachojifunza hapa ni kingine: tuache kuuza majengo kwa ngano. Nimeshaona michoro yenye umbo la jani, la ua, la yai la mbuni, ikiitwa rafiki wa mazingira, na ukiuliza hewa inaingia wapi na inatokea wapi, mchoraji anaanza kutafuta ukurasa.

Takwimu na namna ya kuzisoma

Takwimu za Eastgate zimezagaa, na nyingine hazipatani mpaka uulize zinapima nini. Ile ninayoitegemea zaidi ni ya wahandisi wenyewe: jengo linatumia nishati pungufu kwa karibu asilimia 35 likilinganishwa na wastani wa majengo sita ya Harare yenye mitambo kamili ya kupoza hewa. Hiyo ni nishati yote, pamoja na taa, lifti na kompyuta. Ipo nyingine inayosema jengo linatumia asilimia 10 tu ya nishati ya jengo la kawaida la ukubwa wake. Hiyo inahusu sehemu ya kusafirisha na kupoza hewa peke yake. Anayezichanganya anawaharibia wenzake kazi, maana mteja makini ataigundua siku moja na hatakuamini tena.

Upande wa fedha, mradi uligharimu karibu dola milioni 35 za Marekani, na kutonunua mitambo ya kupoza hewa kuliokoa kama dola milioni 3.5. Yaani asilimia 10 ya gharama ilirudi mfukoni kabla mlango haujafunguliwa. Wapangaji nao walitozwa kodi ya chini kwa karibu asilimia 20 kuliko majirani. Hapa kwetu tumezoea kuambiwa kwamba ujenzi wa kijani ni wa ghali, usubiri nchi itajirike. Kwa Eastgate mambo yalikuwa kinyume: uhaba wa fedha ndio uliolileta.

Kisha kuna faida ambayo haikuwa kwenye makadirio yoyote. Zimbabwe hutegemea sana umeme wa maji wa Kariba. Mwaka 2019 ukame ulipunguza maji ya ziwa, na mgao wa umeme ukafika saa 18 kwa siku. Novemba 2022 Mamlaka ya Mto Zambezi iliagiza uzalishaji upande wa Zimbabwe usimamishwe, maji yanayoweza kutumika kwa umeme yakiwa yamebaki chini ya asilimia 5. Fikiria maana yake kwa jengo linaloishi kwa kiyoyozi: ukame unaoleta joto ndio huo huo unaozima mashine ya kukuokoa na joto. Jengo ambalo feni zake zinahitaji umeme kidogo, na ambalo zege lake limeshajaa ubaridi wa jana, lina saa kadhaa za kuvumilia. Watanzania tuliokuwa na akili timamu mwaka 2006, bwawa la Mtera lilipokauka na mgao ukatukaba, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Pale linapopwaya

Uchambuzi usiotaja kasoro ni tangazo la biashara, kwa hiyo nazitaja.

Jengo linaishi kwa usiku wa baridi. Usiku ukiwa na mawingu mazito, joto la ardhi haliondoki, zege halijazi akiba, na kesho yake ofisi huwa na joto kuliko wapangaji wanavyopenda. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, ndipo penye hatari hiyo. Na kwa kuwa dunia inapata joto, na usiku nao unapata joto, mtaji wenyewe unaliwa taratibu. Msanifu wa leo akilichukua wazo hili hana budi kulipigia hesabu ya usiku wa mwaka 2050, asitosheke na wa mwaka jana.

Halafu ni zege. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma chokaa kwenye tanuru lenye joto la karibu nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu ya hewa ukaa inayotoka haitokani na makaa ya kuchomea. Inatoka ndani ya jiwe lenyewe likigeuka. Hata tanuru ukiliendesha kwa jua, jiwe litaendelea kutoa. Saruji peke yake hubeba asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na binadamu. Eastgate ni jengo la zege nyingi. Deni lake la kaboni lililipwa kwa miaka mingi ya kutotumia viyoyozi, lakini lilikuwa deni, na tungelijenga leo tungeanza na swali la saruji gani. Kwetu swali hilo lina jibu la karibu: nyanda za volkano, kama Mbeya na kuzunguka Kilimanjaro, zina pozolana, majivu ya kale ambayo yakisagwa hushika nafasi ya sehemu ya klinka, yaani lile jiwe lililochomwa tanuruni ambalo husagwa kuwa saruji. Saruji ya namna hiyo imo madukani. Inachelewa kidogo kupata nguvu, kwa hiyo fundi hatakiwi kuharakisha kuvua mbao, na zege linamwagiliwa maji siku za kutosha. Hili la kumwagilia, kusema kweli, ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kemia. Nimesimama kwenye saiti nyingi ambako zege la Jumamosi lilimwagiliwa Jumatatu.

Kwa nini hatuna Eastgate ishirini

Jengo limesimama tangu 1996. Limefanya kazi, liliokoa fedha, na halina siri. Kwa nini basi majengo ya kampuni na taasisi yaliyofuata katika miji yetu yameendelea kuwa masanduku ya vioo?

Nimekaa ndani ya kazi hii muda wa kutosha kulijibu bila kuwasingizia watu ujinga. La kwanza ni malipo. Mshauri wa ujenzi mara nyingi analipwa kwa asilimia ya gharama ya kazi. Mhandisi wa mitambo akikaa wiki tatu akipiga hesabu mpaka akaiondoa mitambo kwenye makadirio, ameongeza kazi yake na kupunguza ujira wake. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kutojifunga kitanzi. Mteja anayetaka jengo kama Eastgate lazima amlipe mhandisi ada ya kufikiri, iliyotajwa kwa shilingi, isiyopungua mitambo ikipungua.

La pili ni kwamba anayejenga siye anayelipa Luku. Mwenye jengo anauza au anapangisha. Joto na bili anamwachia mpangaji. Old Mutual walikuwa wajenzi na wamiliki wa muda mrefu kwa pamoja. Kwetu wenye sifa hiyo wapo: mifuko ya hifadhi ya jamii, vyuo vikuu, dayosisi, serikali yenyewe. Hao wanajenga ili wakae. Ndio ningependa wawe wa kwanza kuandika lile sharti, kwa sababu kila shilingi ya umeme itakayookolewa kwa miaka arobaini ni yao.

La tatu ni fahari, na sitaki kulidharau. Kioo kinang'aa. Mteja aliyehangaika miaka ishirini anataka jengo linaloonekana kutoka barabara kuu, na ana haki ya kulitaka. Kazi ya msanifu ni kumpa fahari hiyo kwa kivuli, kwa mawe, kwa ukuta wenye kina, maana fahari haitoki kwenye kioo peke yake.

Kuna na gesi, ambayo haisemwi sana. Siku moja nilimkuta fundi wa viyoyozi juu ya paa anabadilisha mtambo. Alilegeza nati, ikatoka sauti kama ya nyoka, akasubiri inyamaze, akaendelea na kazi. Ile sauti ilikuwa R-410A, gesi ya kupozea iliyomo ndani ya kiyoyozi, ikiingia hewani, na kilo moja yake hushika joto kama kilo 2,088 za hewa ukaa katika miaka 100. Hakufanya kwa ubaya; mashine ya kuinyonya gesi ile irudi kwenye mtungi hakuwa nayo, wala hakuna aliyemlipia. Mataifa yalikubaliana Kigali, Oktoba 2016, kuzipunguza gesi za jamii hiyo. Ni mkutano wa jirani kabisa, lakini juu ya lile paa haukuwa umefika. Jengo lisilo na kiyoyozi halina nati ya kulegeza.

Pwani na bara

Sasa onyo. Mtu akisoma kisa hiki akaenda kujenga Eastgate Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, atawatesa watu. Pwani usiku wa Februari unaweza kubaki kwenye nyuzi 25, na hewa imejaa unyevu. Tofauti ya mchana na usiku haitoshi kujaza akiba. Zege nene hapo litaweka joto la mchana na kukurudishia saa nne usiku, kitandani, na kila aliyelala chumba cha juu chini ya slabu isiyo na paa anajua ninachosema.

Kwa pwani dawa ni upepo kupita juu ya ngozi. Kivuli kirefu, baraza, dari ya juu, madirisha yanayotazamana pande mbili za chumba kimoja, jengo jembamba lisilo na ukanda wa giza katikati. Na feni ya dari. Feni inatumia wati 50 hadi 75, wakati kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja kinakaribia wati 1,000. Na upepo wa feni unamfanya mtu aridhike kwenye joto la juu zaidi kwa nyuzi 2 au 3. Mahali kama chumba cha upasuaji au cha seva kiyoyozi kitabaki, na kibaki. Si lazima kifuate hadi kwenye korido.

Bara ni habari nyingine. Nairobi, Arusha, Iringa, Mbeya na Dodoma zina usiku wa kuwekea akiba. Nairobi wameshaanza: kituo cha maktaba na mafunzo cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kule Lang'ata kinapitisha hewa kwenye tabaka la mawe yaliyopozwa usiku kabla haijaingia ukumbini. Mawe, si mitambo ya kuagiza. Mimi macho yangu yako Dodoma, ambako hewa ni kavu, jua halina huruma, usiku unashuka vizuri, na serikali imehamia, kwa hiyo ofisi zinajengwa mtaa kwa mtaa. Ila hata huko mchoro wa Harare hauhamishwi ulivyo. Harare iko karibu nyuzi 18 kusini mwa ikweta, jua la mwaka mwingi linakaa kaskazini. Dodoma iko nyuzi 6. Jua linagonga kaskazini miezi kadhaa na kusini miezi kadhaa, hivyo vivuli vinahitajika pande zote mbili. Kinachohama ni maswali: usiku unashuka mpaka wapi, jua linapiga ukuta upi saa ngapi, hewa inaingia wapi, inatokea wapi, na nani atalipa umeme mwaka wa ishirini.

Hivi sasa nina kazi huko, jengo dogo la ofisi la ghorofa tatu. Mteja ni mzee mwenye heshima zake, na kwenye kikao cha kwanza aliomba kiyoyozi kila chumba, "ili wageni wasitoke jasho." Sikumbishia. Nilimwomba ruhusa ya kuacha vipimajoto vinne kwenye kiwanja, kimoja juani, kimoja kivulini, kimoja ndani ya stoo ya saruji na kimoja chini ya mwembe, na mlinzi wa usiku akakubali kuviandika kila baada ya saa tatu kwenye daftari la shule. Wiki iliyopita mzee alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa amepita kiwanjani, akalisoma daftari kwenye mwanga wa simu, akataka kujua kama ni kweli saa kumi alfajiri panakuwa baridi kiasi kile.

Nikamwambia, shikamoo mzee, ni kweli. Akaniuliza kama ule ubaridi unaweza kufungiwa ndani. Tunakutana Jumatatu, nimemwandalia mchoro wa sakafu yenye uwazi katikati, na makadirio mawili, moja lenye viyoyozi na moja lisilo navyo.